Mwaka Ule Juu ya Faili Uache Ulivyo

Januari moja, ofisi ikiwa bado nusu tupu kwa kuwa wenzangu walikuwa hawajarudi kutoka likizo, nilijipa kazi ndogo ya kufungulia mwaka. Programu yetu huria ilikuwa na mafaili mia kadhaa, na kila faili lilibeba kichwani mstari uleule: alama ya hakimiliki, mwaka, kisha jina letu. Mwaka ulikuwa umepitwa. Nikaandika amri ya mstari mmoja ya kutafuta tarakimu nne zozote zinazoanza na 20 na kuweka mwaka mpya mahali pake. Nikaipiga, ikapita kama panga kwenye nyasi mbichi. Nikasukuma mabadiliko kwenye hifadhi yetu ya msimbo, nikaenda kunywa chai.

Chai haijapoa, majaribio ya programu yakaanza kuanguka moja baada ya jingine. Kumbe ndani yake mlikuwa na risiti za kubuni, na kila kilichouzwa kwa shilingi 2000 sasa kilikuwa kinauzwa kwa shilingi 2019. Hilo tulilicheka tukalirekebisha. Lililoniaibisha liligunduliwa wiki mbili baadaye na mchangiaji wa mbali, aliyeniandikia kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi. Amri yangu ilikuwa imepita pia kwenye folda tulimohifadhi maktaba za watu wengine. Mtu aliyeandika maktaba yake mwaka 2009, akaiacha, akaendelea na maisha yake, sasa alionekana anadai hakimiliki ya mwaka 2019. Leseni yake ya MIT inasema tangazo la hakimiliki lililo juu liwekwe katika kila nakala. Mimi nilikuwa nimelichezea, tena bila hata kulisoma.

Tangu siku hiyo vijana wakiniuliza kama wahuishe miaka kwenye mafaili yao kila Januari, nawajibu hapana. Wakitaka sababu, ndipo mazungumzo huwa marefu.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye picha tuliyo nayo kichwani. Huku kwetu tumezoea karatasi zinazokufa. Leseni ya biashara inakufa, bima ya gari inakufa, kibali cha kila kitu kinakufa, na ole wako trafiki akikukuta na bima ya mwaka jana. Kwa hiyo programa akiona faili limeandikwa 2017, moyo unamruka kana kwamba ameona bima iliyokwisha. Lakini mwaka wa hakimiliki ni wa aina nyingine kabisa: unafanana na mwaka ulio kwenye cheti cha kuzaliwa. Unasema kazi hii ilitoka mbele ya watu lini. Hakuna anayepanga foleni kila mwaka mpya ili tarehe yake ya kuzaliwa isogezwe mbele, ukiwatoa wachezaji mpira wachache.

Si kwamba mwaka huo haukuwahi kuwa na kazi. Uliwahi kuwa na kazi nzito sana, hasa Marekani, na desturi yetu ya leo ni mwangwi wa huko. Chini ya sheria yao ya 1909, kazi iliyochapishwa bila tangazo sahihi la hakimiliki ilianguka mikononi mwa umma papo hapo, bila rufaa. Filamu ya kutisha ya George Romero, Night of the Living Dead, ilitoka mwaka 1968. Msambazaji aliibadilishia jina dakika za mwisho, na tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likaondoka nalo. Filamu ikawa mali ya kila mtu. Walioitengeneza walibaki wakiangalia wengine wakiinakili na kuiuza. Mkataba wa Geneva wa 1952 nao uliweka utaratibu wa kukubalika kimataifa: alama ya herufi C ndani ya duara, jina la mwenye haki, na mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza. Ndiyo mambo matatu yaliyobaki vidoleni mwetu.

Sheria mpya ya Marekani, iliyopitishwa 1976 na kuanza kazi 1978, ililegeza kamba kidogo. Ndani yake kuna kifungu ambacho ningependa kila anayehuisha miaka akisome mara mbili. Kama mwaka ulioandikwa ni wa nyuma kuliko mwaka halisi wa kuchapishwa, tangazo lilikuwa halali. Muda ulihesabiwa tu kuanzia mwaka huo wa nyuma. Lakini kama mwaka ulioandikwa uko mbele kwa zaidi ya mwaka mmoja, kazi ilichukuliwa kana kwamba haina tangazo lolote. Yaani hata katika zama ambazo mwaka ulikuwa na meno, kosa la hatari lilikuwa kuusogeza mbele. Toleo jipya lenye nyongeza za kweli liliruhusiwa kubeba mwaka wake mwenyewe, na hilo ni haki kabisa. Lakini kufuta 2009 na kuandika 2019 juu ya kazi ambayo haijaguswa hakukuwahi kumlinda mtu.

Upande wa programu kuna kesi moja ninayoipenda kwa sababu inaonyesha ugomvi wa kweli huwa wapi. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T, iliyokuwa na haki za mfumo wa UNIX, iliishtaki kampuni ya BSDi kwa kuuza mfumo uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley; baadaye na chuo chenyewe kikaingizwa. Machi 1993 jaji alikataa kuzuia mauzo. Sababu mojawapo: toleo la UNIX lililoitwa 32V, la mwaka 1979, lilikuwa limesambazwa bila tangazo la hakimiliki, na hivyo ilikuwa vigumu kwa walalamikaji kuonyesha kwamba haki wanayoidai bado ipo. Chuo nacho kikageuza mashtaka, kikisema kampuni hiyo tanzu imechukua msimbo wa Berkeley na kufuta majina ya wenyewe. Yakaisha kwa suluhu mwaka 1994. Katika mafaili kama 18,000, matatu yaliondolewa, na mengine kama 70 yakaongezewa tangazo la hakimiliki la kampuni hiyo tanzu. Hakuna aliyesimama mahakamani kulalamika kwamba mwaka ulikuwa haujahuishwa. Waligombania kuwepo kwa tangazo, na jina la nani liko juu yake.

Mambo hayo yote yalipungua uzito tarehe 1 Machi 1989, Marekani ilipoanza kufuata Mkataba wa Berne. Mkataba huo, tangu marekebisho ya Berlin ya 1908, unakataza kumdai mtunzi taratibu zozote ili haki yake ilindwe. Kenya iliingia 1993, Tanzania 1994. Sheria za nchi zote mbili zinaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kama kitabu. Ukishaiandika ni yako, hata kama hukuweka alama, jina wala mwaka. Na muda wake kwa mtu binafsi hauhesabiwi kuanzia ule mwaka uliouandika kichwani mwa faili: unahesabiwa kuanzia kifo chako, miaka 50 baada yake kwa Kenya na Tanzania, 70 kwa Marekani na Ulaya. Kwa kazi za kampuni, Marekani inahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, na hapo angalau mwaka unasema kitu. Lakini unaosema kitu ni ule wa kwanza. Niambie ni msimbo gani uliouandika leo ambao unatarajia mtu atakuja kuuhitaji baada ya miaka 95.

Mwanasheria makini atanisimamisha hapa, na atakuwa na haki. Huko Marekani tangazo lililokamilika bado lina faida moja: aliyeiba hawezi kujitetea kwamba hakujua. Na tangazo lililokamilika, kwa mujibu wa sheria yao, lina mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza. Sawa. Basi andika mwaka huo mara moja, uuache. Hoja yake ni ya kuwa na mwaka. Haigusi kabisa ile kazi yako ya Januari.

Miradi mikubwa yenyewe haikubaliani. GNU wana desturi ya zamani: mwongozo wao kwa watunzaji unapendekeza mwaka mpya uongezwe kwenye mafaili yote ya programu kwa mkupuo, hata yale ambayo hayakuguswa, ili kazi iishe kwa mwaka huo. Wana hati yao maalumu ya amri ya kufanya hivyo, na kila Januari mosi utaona Emacs na wenzake wakipokea badiliko moja kubwa la miaka. Nawaheshimu, maana wao angalau wana utaratibu ulioandikwa na watu wanaoufuata. Ninachokipinga ni kuwaiga bila utaratibu huo. Wao wenyewe wanasema, kwa mfano, kwamba ukiandika masafa ya miaka, tuseme 2008 hadi 2019, uwe na uhakika kwamba kila mwaka wa katikati una kazi ya kweli, na ueleze hivyo kwenye faili la maelezo. Ni wangapi kati yetu tumefanya hesabu hiyo?

Upande wa pili yupo Daniel Stenberg, Mswidi anayeitunza curl, programu iliyomo katika mabilioni ya vifaa, pengine hata simu unayosomea haya. Januari 2023 aliiondoa miaka kwenye matangazo ya hakimiliki yaliyo kichwani mwa mafaili ya mradi wake. Jina likabaki, mwaka ukaenda. Mafaili ya lugha ya Go yanabeba mwaka wa kuundwa kwa faili, na faili la 2009 linabaki la 2009. Linux Foundation inaishauri miradi yake iandike tu kwamba hakimiliki ni ya waandishi wa mradi fulani, bila mwaka wala orodha ya majina.

Kati ya hao wote, mimi niko na Stenberg kwa mradi mpya na niko na Go kwa mradi wa zamani.

Nianze na mpya. Unafungua mradi leo, una faili moja la leseni na mafaili kumi ya msimbo. Kwenye faili la leseni weka mwaka huu na jina la mwenye haki. Leseni ya MIT na ile ya BSD zina nafasi hiyo tayari, zijaze. Kwenye mafaili ya msimbo weka mistari miwili: wa kwanza useme hakimiliki ni ya wachangiaji wa mradi, wa pili utaje leseni kwa kitambulisho kifupi cha SPDX, kama walivyofanya watu wa kernel ya Linux kwa maelfu ya mafaili tangu 2017. Kuna wanaosema hata hiyo mistari haina haja, kwa kuwa Git inakumbuka nani aliandika nini na lini. Sikubaliani nao. Faili lina miguu. Kesho mtu atalinakili peke yake na kulipeleka kwenye mradi wake bila historia yoyote, na hapo Git yako haitamsaidia mtu. Kitakachosaidia ni jina na leseni vilivyosafiri na faili.

Mradi wa zamani una masharti zaidi. Mafaili yenye mwaka wa kwanza, yaache. Yenye masafa ya miaka, acha kuyarefusha. Yatasimama pale yalipofika na hakuna litakaloharibika. Programu ya DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya na Tanzania zinaitumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, imekuwa na masafa ya namna hiyo yanayoanza 2004 kichwani mwa mafaili yake ya Java. Ukichangia mradi wa aina hiyo fuata kanuni ya wenyeji, usiende na ushauri wa makala hii kubishana na watu walio kazini. Mgeni hapangi vyombo jikoni.

Ukiamua kuondoa miaka kabisa, ondoa kwenye mistari ambayo ni yako tu. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo vumilia nikilirudia. Tangazo la mtu mwingine halihuishwi, halifupishwi, halisahihishwi hata kama lina kosa la tahajia. Leseni ya BSD inataka libaki, MIT inataka libaki, GPL inataka matangazo ya leseni yabaki salama na kila nakala ibebe tangazo linalofaa la hakimiliki. Ukichukua faili la mtu ukaliongezea kazi yako ya kweli, mstari wake unakaa juu, wako unakaa chini yake. Kusahihisha nukta na nafasi si kazi ya kumpa mtu mstari.

Muda utakaookoa Januari utumie kwenye jina. Hapa ndipo ninapoona miradi mingi ya vijana wetu ikiwa na hatari, na hawalali usingizi kwa ajili ya mwaka huku jina lenyewe likiwa si sahihi. Programa ameajiriwa, anaandika msimbo saa za kazi kwa kompyuta ya kazini, kisha anaufungua kwa umma akiweka jina lake. Sheria za kwetu kwa kawaida humpa mwajiri haki ya kazi iliyofanywa kwa ajira, isipokuwa mkataba useme vingine. Au kundi la wanafunzi wanne wanaandika programu pamoja, mmoja anaweka jina lake peke yake kwa kuwa ndiye aliyefungua akaunti. Miaka mitatu baadaye anapatikana mfadhili, na urafiki unavunjika. Au jina lililoandikwa ni la kampuni ambayo haikuwahi kusajiliwa. Pata karatasi ya mwajiri inayokuruhusu, hata barua fupi. Kubalianeni wanne nyinyi mkiwa bado mnacheka pamoja. Andika jina la mtu au chombo ambacho kweli kipo.

Gharama ya kuhuisha haionekani kwa anayehuisha, inawaangukia wengine. Badiliko linalogusa mafaili 3,000 halisomwi na mtu, linapitishwa tu, na sipendi mradi uzoee kupitisha mambo bila kuyasoma. Aliyekuwa na kiraka chake pembeni kilichogusa mistari ya juu anakuta hakiungi tena. Anayerudisha marekebisho ya usalama kwenye toleo la zamani anakutana na migongano isiyo na maana. Wale wanaofungasha programu kwa ajili ya Debian huwa na faili linaloorodhesha hakimiliki za kila kifurushi, pamoja na miaka yake; wewe unapiga amri moja Dar es Salaam, wao wanaanza kulinganisha upya.

Wapo waliotafuta njia ya mkato: waliweka mwaka ujiandike wenyewe, programu inapojengwa inasoma saa ya mashine na kuandika mwaka wa leo kwenye dirisha la maelezo. Ni ujanja mbaya kuliko kuhuisha kwa mkono. Msimbo uleule ukijengwa Desemba na ukijengwa Januari unatoa mafaili mawili tofauti, na wanaojaribu kuthibitisha kwamba programu uliyoipakua imetokana kweli na msimbo ulioonyeshwa wanapotezwa. Watu wa Reproducible Builds walibuni kigezo cha SOURCE_DATE_EPOCH kwa matatizo ya namna hii, ili tarehe itoke kwenye msimbo na si kwenye saa ya ukutani. Kama lazima uonyeshe mwaka, tumia hicho. Na ujanja huohuo chini ya tovuti za biashara umenichekesha zaidi ya mara moja: nimeona tovuti ya duka lililofungwa zamani, chini yake mwaka mpya unang'aa.

Tovuti, nikiri, ni jambo jingine. Mteja akiona 2016 chini ya ukurasa anadhani mmehama. Huko badilisha unavyotaka. Ni suala la sura ya duka, hakimiliki haihusiki.

Na kama bosi au mwanasheria wa kampuni ameamua kwamba miaka lazima ihuishwe, usigombane naye kwa jambo dogo hili. Mwombe akubali ihuishwe mahali pamoja tu, kwenye faili la leseni au la matangazo, siku ya kutoa toleo jipya. Apache Software Foundation huweka mwaka kwenye faili la NOTICE, na kichwa cha kila faili la msimbo hakina mwaka. Akikataa na hilo, andika hati ya amri inayotafuta jina lenu pamoja na mwaka, si mwaka peke yake. Itenge folda ya maktaba za watu. Iendeshe kwanza bila kuandika chochote, usome ilichotaka kubadilisha, mstari kwa mstari, kabla ya chai.

Ile maktaba niliyoiharibu niliirudishia mwaka wake. Imeandikwa 2009 mpaka leo, na inafanya kazi.